Vita vya Biafra na Uamuzi wa Tanzania wa Aprili 1968

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokubali kusimama ukutani kwa kukosa viti, asanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie vita vya wenyewe kwa wenyewe barani Afrika. Nimechagua vita vya Nigeria na Biafra, sehemu ya mashariki ya Nigeria iliyojitangaza kuwa nchi huru, vilivyoanza tarehe 6 Julai 1967 na kufungwa rasmi tarehe 15 Januari 1970, kwa sababu nchi yetu, Tanzania, ilisema neno katika vita hivyo, tena neno zito, la kuitambua Biafra, na vijana wengi ninaokutana nao hawajawahi kulisikia. Waliokufa wanakadiriwa kati ya milioni moja na milioni tatu. Walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikuwa watoto, wazee na kina mama waliokufa kwa njaa, na njaa ile ilitokana na maamuzi ya watu tunaowajua kwa majina. Leo nitayafuata maamuzi hayo, na mapigano nitayataja pale yanapotusaidia kuyaelewa.

Nigeria ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba 1960 ikiwa na majimbo matatu: Kaskazini, Magharibi na Mashariki. La nne, la Kati-Magharibi, liliongezwa mwaka 1963. Jimbo la Kaskazini peke yake lilikuwa na zaidi ya nusu ya watu wote, kwa hiyo siasa za shirikisho zikawa ni hofu: Kusini ikiogopa kutawaliwa na Kaskazini, Kaskazini ikiogopa wasomi na watumishi wa serikali kutoka Kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1966 maofisa vijana wa jeshi, miongoni mwao Meja Chukwuma Kaduna Nzeogwu, walifanya mapinduzi. Waliuawa Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa, kiongozi wa Kaskazini Ahmadu Bello, na Samuel Akintola wa Magharibi. Maofisa waliopanga walikuwa wengi wao Waigbo, kabila kubwa la Mashariki, na viongozi wakubwa wa Mashariki hawakuguswa. Watu wa Kaskazini walilitazama hilo na kutoa hukumu yao.

Miongoni mwa wanajeshi waliouawa alfajiri ile alikuwamo Luteni Kanali James Pam. Naomba mlishike jina hilo. Jeshi letu lilipoasi Januari 1964 na Waingereza wakaitwa kulizima, Mwalimu Nyerere hakutaka askari wa mkoloni wa jana waendelee kutulinda. Ilikuja bataliani kutoka Nigeria kushika zamu wakati sisi tunaunda jeshi jipya, na Pam ndiye aliyekuwa kamanda wake. Nigeria ilitutendea wema huo. Tutakapofika Aprili 1968, kumbukeni kwamba Mwalimu, alipoitambua Biafra, alijua anamuumiza nani.

Madaraka yalimwangukia Meja Jenerali Johnson Aguiyi-Ironsi, naye Mwigbo. Mwezi Mei 1966 akatoa amri ya kufuta majimbo na kuifanya Nigeria dola moja yenye utumishi mmoja wa umma. Huenda alikuwa na nia njema, lakini Kaskazini waliisoma amri hiyo kuwa ni kukamilishwa kwa mapinduzi ya Januari. Ghasia zikaanza. Tarehe 29 Julai wanajeshi wa Kaskazini walimuua Ironsi mjini Ibadan, pamoja na mwenyeji wake Luteni Kanali Adekunle Fajuyi, gavana wa Magharibi. Luteni Kanali Yakubu Gowon akawa mkuu wa nchi akiwa na miaka 31. Gavana wa Mashariki, Luteni Kanali Chukwuemeka Odumegwu Ojukwu, alikataa kumtambua, akisema wapo waliomzidi cheo.

Kisha Septemba na Oktoba ya mwaka huo yakaja mauaji ya Waigbo katika miji ya Kaskazini. Watu walitolewa majumbani, sokoni, katika stesheni za treni, na mahali pengine askari walishirikiana na wauaji. Idadi inabishaniwa hadi leo, lakini ni maelfu kwa maelfu, na zaidi ya watu milioni moja walikimbilia Mashariki. Fikirini jimbo linalopokea watu milioni moja katika majuma machache, kila mmoja ana jeraha au maiti aliyoiacha nyuma. Ojukwu hakuwa na haja ya kuwahutubia watu wake juu ya kujitenga. Treni zilizowaleta zilikuwa zimekwisha kuwaambia.

Hata hivyo mlango haukuwa umefungwa. Tarehe 4 na 5 Januari 1967 wakuu wa kijeshi wa Nigeria walikutana Aburi, Ghana, wakikaribishwa na Jenerali Joseph Ankrah. Ilikuwa mara ya kwanza Gowon na Ojukwu kukaa chumba kimoja tangu Julai. Walikubaliana kutotumia nguvu. Walikubaliana kwamba jambo linalohusu nchi nzima liamuliwe na Baraza Kuu la Kijeshi kwa ridhaa ya magavana wote, na kwamba watumishi wa umma waliolazimika kukimbia waendelee kulipwa mishahara hadi mwisho wa Machi. Ojukwu alikwenda na karatasi zake, kila hoja imeandaliwa. Gowon na wenzake walikwenda kama wanajeshi wanaomwendea mwenzao aliyekasirika, wapatane, warudi nyumbani. Matokeo yake, Ojukwu aliondoka na karibu kila alichokitaka.

Nimekaa na Aburi kwa muda mrefu katika masomo yangu, na naamini hapo ndipo vita vilipoweza kuzuiwa. Gowon aliporudi Lagos, mji mkuu wa wakati ule, makatibu wakuu wa wizara walimwonyesha kwamba alichokikubali kinamwacha mkuu wa nchi bila nguvu. Serikali ikajirudi. Mwezi Machi ikatoa amri iliyotekeleza sehemu kubwa ya makubaliano, ila ikaweka kifungu cha kuiruhusu kutangaza hali ya hatari katika jimbo lolote kwa ridhaa ya magavana watatu tu, maana yake hata gavana wa jimbo lenyewe akipinga. Ojukwu alikataa kata kata. Alishika msimamo wa Aburi yote au hakuna, na mwisho wa Machi akaamuru mapato ya serikali kuu yanayokusanywa Mashariki yabaki Mashariki. Lagos ilivunja ahadi, hilo sina shaka nalo. Lakini amri ile ya Machi, pamoja na kasoro zake, ilikuwa inalipa jimbo la Mashariki uhuru wa mambo yake kuliko wakati wowote tangu 1960. Mwanasiasa mwenye watu milioni moja wasio na makazi angeweza kuichukua na kuendelea kudai kilichobaki. Ojukwu alikuwa na miaka 33 na haki ilikuwa upande wake. Hakutaka kupunguziwa hata chembe.

Tarehe 27 Mei 1967 Gowon alitangaza hali ya hatari na kuigawa Nigeria katika majimbo 12. Mashariki ikakatwa vipande vitatu: kimoja cha Waigbo kisicho na bahari, na viwili vya watu wa pwani na wa kusini-mashariki, Waijaw, Waefik, Waibibio na wengine. Uamuzi huu ulikuwa wa kijeshi kabla ya risasi ya kwanza. Makabila madogo ya Mashariki yalikuwa yakidai majimbo yao tangu miaka ya 1950, na Isaac Boro, kijana wa Kiijaw, alikuwa amechukua silaha kwa ajili hiyo mwezi Februari 1966. Sasa Gowon aliwapa kwa kalamu walichokitafuta kwa bunduki, na sehemu kubwa ya visima vya mafuta ilikuwa katika ardhi yao. Boro mwenyewe aliingia jeshi la serikali na kufa vitani mwaka 1968. Siku tatu baada ya tangazo la Gowon, tarehe 30 Mei, Ojukwu alitangaza Jamhuri ya Biafra mjini Enugu, makao makuu ya Mashariki.

Lagos iliita operesheni ile kazi ya polisi, itakayokwisha haraka. Mji wa Nsukka ulianguka katikati ya Julai, na mwisho wa mwezi huo jeshi la majini la serikali lilitua Bonny, pwani ya Mashariki, na kuziba njia ya meli za mafuta. Kutoka siku hiyo Biafra ilikuwa imezingirwa.

Ndipo Ojukwu akacheza karata iliyowashangaza wote. Alfajiri ya tarehe 9 Agosti majeshi ya Biafra yalivuka daraja la Niger pale Onitsha, yakaiteka Kati-Magharibi yote karibu bila upinzani, pamoja na mji wa Benin. Kamanda wake alikuwa Victor Banjo, Myoruba, mtu wa kabila kubwa la Magharibi, na hilo halikuwa bahati nasibu. Ojukwu alitaka Magharibi waone kwamba vita si vya Waigbo peke yao. Chifu Obafemi Awolowo, kiongozi mkubwa wa Wayoruba, alikuwa amesema mwezi Mei kwamba Mashariki ikiachwa itoke, Magharibi nayo haitabaki. Njia ya kwenda Lagos ilikuwa wazi. Banjo akasimama Benin, akatangaza utawala wake, akachelewa. Majeshi yake yalipofika Ore, kama kilomita 200 kutoka Lagos, serikali ilikuwa imekwisha kukusanya vikosi, vingi vikiundwa kwa haraka, na hapo yakazuiwa. Kabla Septemba haijaisha Benin ilikuwa imerudi mikononi mwa serikali, na Banjo na wenzake watatu walipigwa risasi Enugu kwa amri ya Ojukwu, wakishtakiwa kupanga kumpindua.

Hasara ya Ore haikuwa ya askari tu. Wayoruba waliona jeshi la Biafra likija kwao bila kualikwa, na waliokuwa wanasitasita wakasimama na Lagos. Awolowo alikuwa tayari ndani ya serikali ya Gowon kama kamishna wa fedha. Gowon naye aliacha lugha ya polisi na kutangaza vita kamili, na ndege za Kisovieti zikaanza kuwasili. Uingereza ilikuwa ikiuza silaha upande huo huo, kwa kuwa kampuni ya Shell-BP ilikuwa na mali yake pale. Ufaransa iliisaidia Biafra kwa mlango wa nyuma, kupitia Gabon na Ivory Coast. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Enugu ilianguka tarehe 4 Oktoba 1967. Siku hizo hizo, ng'ambo ya mto, Divisheni ya Pili ya jeshi la serikali, chini ya Murtala Mohammed, iliingia mji wa Asaba. Tarehe 7 Oktoba watu wa mji walitoka kwa nguo za sherehe wakicheza na kuimba kwamba wao ni Nigeria moja, ili kuwaonyesha askari kwamba si maadui. Wanaume na wavulana walitengwa na wanawake, wakapelekwa mahali paitwapo Ogbe-Osowa, wakafyatuliwa risasi. Waliokufa Asaba ni mamia. Jeshi lililofanya hivyo lilikuwa linapigania umoja, na wale waliouawa walikuwa wanauimba umoja huo huo.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilitangaza kuitambua Biafra. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani. Gabon, Ivory Coast na Zambia zilifuata mwezi Mei, na Haiti mwaka 1969. Hakuna nyingine.

Ili mwone uzito wake, rudini Cairo, Julai 1964. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitishwa uamuzi kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Aliyeupeleka mbele uamuzi ule alikuwa Nyerere. Miaka minne baadaye mtu huyo huyo anaitambua nchi iliyojitoa ndani ya mpaka mmojawapo. Wenzake walimwuliza kama amesahau. Hakuwa amesahau. Hoja yake, kama serikali yetu ilivyoieleza, ilikuwa kwamba watu wa Mashariki walikuwa hawawezi tena kujiona salama katika sehemu nyingine za shirikisho, na kwamba dola inadai utii wa raia kwa kuwa inalinda uhai wao. Ikishindwa kuwalinda, au ikiwa yenyewe ndiyo inayowaua, haina haki ya kuwarudisha kwa mabomu. Umoja lazima usimame juu ya ridhaa ya wanaoungana. Akaipima hoja hiyo kwa mfano wa kwake mwenyewe: alisema kwamba wananchi wa Zanzibar kwa wingi wao, bila kuchochewa na mtu wa nje, wakiona Muungano unahatarisha maisha yao, yeye hataweza kuwapiga mabomu ili wabaki. Muungano wetu ulikuwa haujatimiza hata miaka minne aliposimamia msimamo huo. Sijui kiongozi mwingine wa Afrika wa wakati ule aliyeiweka nchi yake mwenyewe kwenye mizani namna hiyo.

Mimi nautetea uamuzi ule, na nitasema pia mahali unaponisumbua. Biafra ilikuwa na makabila madogo ambayo mengi hayakutaka kutawaliwa kutoka Enugu. Ikiwa ridhaa ndiyo kipimo, ridhaa ya Waijaw ilikuwa wapi? Katika hoja yetu sauti yao haikusikika vya kutosha. Kuna na jambo la pili: Biafra ilisaidiwa na Ureno, iliyoruhusu kisiwa chake cha São Tomé kitumike, huku Ureno hiyo hiyo ikiwapiga ndugu zetu wa Msumbiji waliokuwa na kambi zao hapa kwetu. Tawala za makaburu na za Rhodesia nazo zilifurahia kuiona Nigeria ikipasuka. Dar es Salaam, makao ya wapigania uhuru, ilijikuta upande mmoja na maadui zake. Mwalimu alilijua hilo. Alichagua kuyatazama maiti ya Waigbo kwanza na majirani wa hoja yake baadaye, na kwangu huo ni ujasiri.

Wapo wanaodai kwamba kutambuliwa kuliirefusha vita kwa kuwapa Biafra tumaini. Nimelipima dai hilo kwa tarehe. Onitsha ilikuwa imetekwa Machi 1968, na siku kumi hivi baadaye, tarehe 31, Biafra iliuteketeza msafara mkubwa wa Divisheni ya Pili pale Abagana. Port Harcourt ilianguka tarehe 19 Mei, na Biafra ikapoteza bandari yake ya mwisho. Tarehe 23 Mei pande zote mbili zilikuwa Kampala, katika mazungumzo yaliyofunguliwa na Rais Milton Obote. Anthony Enahoro aliongoza ujumbe wa Lagos, Sir Louis Mbanefo wa Biafra. Biafra ilitaka silaha zinyamaze kwanza, Lagos ilitaka kujitenga kufutwe kwanza, na mazungumzo yakafa kabla mwezi haujaisha. Kutambuliwa na nchi nne hakukuleta bunduki hata moja kutoka Dar es Salaam. Kulichofanya ni kuulazimisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliokuwa unaita jambo lile la ndani, kulitaja jambo lenyewe.

Na huku wanabishana, njaa ilikuwa imekwisha kuingia. Biafra ilikuwa imepoteza bahari na mashamba mengi, na wakimbizi walijazana katika eneo linalozidi kupungua. Januari 1968 Nigeria ilibadilisha noti zake, na fedha alizokuwa nazo Ojukwu kwa ajili ya kununulia mahitaji nje zikawa karatasi. Watoto wakaanza kuvimba miguu, nywele zikageuka rangi, kwashiakoo ikawaua kwa maelfu.

Lagos ilisema chakula kipite kwa barabara, chini ya ukaguzi wake. Biafra ikakataa, ikihofia sumu na ikihofia kwamba barabara iliyofunguliwa kwa malori ya unga itapitisha vifaru. Ikataka ndege. Barabara ya lami pale Uli ilipanuliwa ikawa uwanja wa ndege, na usiku, taa zikiwashwa kwa dakika chache tu, ndege za makanisa na za Msalaba Mwekundu zilitua humo kutoka visiwa vya São Tomé na Fernando Po. Makanisa peke yake yalirusha safari zaidi ya 5,000. Lakini ndege za silaha nazo zilitua Uli, giza lile lile. Kwa hiyo Lagos ikadai safari za mchana zinazokaguliwa, na Ojukwu akaona kwamba mchana utaondoa kinga ya zile nyingine. Tarehe 5 Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilitunguliwa na jeshi la Nigeria, na shirika hilo likasimamisha safari zake. Septemba mwaka huo lilipata kibali cha Lagos kwa safari za mchana. Biafra ilikikataa.

Hapa ndipo ninaposhindwa kumsamehe yeyote. Ndani ya serikali ya Lagos walikuwapo waliosema hadharani kwamba njaa ni silaha halali ya vita. Upande wa pili kulikuwa na serikali iliyojua kwamba picha za watoto wale zinaileta dunia upande wake, na iliyokataa mpango ambao ungewalisha kwa sababu ungehatarisha bunduki. Kila upande ulikuwa na maelezo, na maelezo yote yana mantiki ukiyasoma ofisini. Mtoto wa Umuahia, mji wa Biafra, hakuwa na mjumbe katika mazungumzo ya Kampala wala ya Addis Ababa.

Umuahia ilianguka Aprili 1969, na siku chache baadaye Biafra ikairudisha Owerri, ushindi wake mkubwa wa mwisho. Tarehe 1 Juni Ojukwu alitoa Azimio la Ahiara, akizungumzia mali ya umma na viongozi kuwa watumishi wa watu, maneno ambayo masikio yaliyosikia Azimio la Arusha miaka miwili kabla yangeyatambua mara moja. Yalikuja watu wakiwa hawana nguvu ya kusimama kuyasikiliza. Usiku wa tarehe 10 Januari 1970 Ojukwu alipanda ndege Uli kwenda Ivory Coast. Philip Effiong, aliyemwachia madaraka, alitangaza kusalimu amri tarehe 12, na siku tatu baadaye akatia saini Lagos.

Gowon akasema hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Watu wengi duniani walitarajia mauaji ya kulipiza kisasi kwa mamilioni, na hayakutokea. Kwa hilo Gowon anastahili heshima yetu, na wale tulioitambua Biafra tuna wajibu zaidi wa kuisema, kwa kuwa hofu yetu kubwa ilikuwa hiyo. Lakini amani nayo ilikuwa na maamuzi yake. Mwigbo aliyekuwa na akiba benki kabla ya vita, iwe kubwa kiasi gani, alirudishiwa pauni 20. Nyumba za Waigbo mjini Port Harcourt ziliitwa mali iliyotelekezwa, wakapewa wengine. Mwaka 1972 serikali ilipoamuru hisa za kampuni za kigeni ziuzwe kwa Wanigeria, Waigbo wengi hawakuwa na fedha ya kununua chochote. Madai ya Biafra yanayosikika leo katika miji ya kusini-mashariki, kutoka vinywani mwa vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya Effiong kutia saini, yanataja pauni 20 mara nyingi sawa na yanavyotaja Asaba.

Nimewaombea walimu wenu nakala za hotuba ya Gowon ya tarehe 27 Mei 1967, ya Ojukwu ya tarehe 30 Mei, na tamko la serikali yetu la Aprili 1968. Zisomeni kwa kufuatana, na mkisoma la kwetu mtafuteni Mwijaw ndani yake. Sasa nakaribisha maswali, nikianza na walio ukutani.